Matroni wa Kondele anayetafutia watu wenzao wa nyumba: nimekaa miezi 11, haya ndio yangu

Wacha nianze na bei juu najua wengi wenu ndio mtatafuta kwanza. Kujiandikisha ni 500 na hiyo hairudi ata usipopata mtu. Ukipata wenzako na nyumba, mkalala mwezi mzima na bado mko pamoja, unamlipa 1,500 zingine. Basi, imeisha hapo. Hakuna pesa ya kuonyeshwa nyumba, hakuna pesa ya nauli ya ajenti, na kama umewahi kutafuta nyumba Kisumu unajua venye hiyo pesa ya kuonyeshwa imemaliza watu, unatuma elfu moja kwa M-Pesa alafu simu inazimwa hapo hapo na ile nyumba yenye picha safi kumbe kuna familia inaishi ndani miaka.

Huduma yenyewe haina jina wala bango. Ni mama mmoja aliyekuwa matroni wa shule ya bweni ya wasichana miaka mingi, akastaafu, sasa ako na meza nyuma ya duka la vitabu na fotokopi pale Kondele na kila mtu anamuita Matroni. Kazi yake ni kukutafutia watu ambao mtakaa nao nyumba moja na mkaelewana kwa yale mambo ya maana. Yeye anaanza na watu, nyumba ni baadaye. Mwanzo hiyo ilinishangaza juu mimi nilienda nikiwa na picha za nyumba kwa simu, hakuangalia ata moja.

Niwaambie kwa nini nilienda, ndio mjue natoka wapi.

Mimi ni Msabato, nafanya kazi ya maabara hospitalini, wiki moja kwa tatu niko shifti ya usiku. Kabla ya hapa nilikuwa nimeshea nyumba na dada wawili wa kanisa letu. Niliingia na amani kabisa, nilijiambia tunasali pamoja, Ijumaa jua likizama hakuna anapika hakuna anafua, hakuna pombe, sasa nini ingine inaweza kutukosanisha. Agrimenti ilikuwa kwa jina la mmoja wao, sisi wawili tunamtumia pesa tarehe 2 na yeye ndio anapelekea landilodi. Asubuhi moja natoka shifti, macho yamejaa usingizi, nakuta kufuli mpya kwa mlango. Miezi mitatu landilodi hajaona shilingi.

Na yule dada hakuwa mtu mbaya, hapo ndio kuna uchungu wangu. Mamake alikuwa amelazwa, pesa ikaenda huko, akaogopa kutuambia. Alikuwa anakaa na sisi mezani, tunaomba pamoja kila jioni, na hilo jambo liko kwa roho yake peke yake miezi mitatu. Kama angesema tungechanga. Mimi najua tungechanga. Nililia siku hiyo na haikuwa juu ya pesa.

Landilodi nilimkasirikia lakini karatasi haina jina langu, kwake mimi nilikuwa tu mgeni wa mpangaji wake. Nikaulizia kama lile baraza la serikali la kesi za kodi ya nyumba linaweza kunisaidia, nikaambiwa sheria yake, ile Sura ya 296, inashika nyumba za kodi isiyozidi 2,500 kwa mwezi. Mnajua wenyewe 2,500 Kisumu mjini inakupa nini. Kwa hivyo nikatoa vitu vyangu, nikahamia bedsita Manyatta ya 6,500, nikaapa sitaki mtu tena.

Nilikaa peke yangu mwaka na kitu. Alafu malaria ikanishika ile ya kweli, siku mbili kitandani, mtu wa maabara anayepima watu wengine malaria kila siku na sina mtu wa kunipikia ata uji. Jirani alikuja siku ya tatu juu alisikia alamu ya simu inalia haizimwi. Hapo ndio nikaanza kuulizia, na nasi mmoja wa wodi ya watoto akanielekeza kwa Matroni.

Sasa fomu yake. Ni maswali 31, yameandikwa kwa kalamu alafu yakafotokopiwa, na haulizwi dini yako ni gani mpaka swali la 26. Mimi nilikuwa nimetarajia hiyo iwe ya kwanza, ata nilimwambia, Mama mimi nataka Wasabato wenzangu, akaniambia, "Nyathina (mwanangu), jaza kwanza." Maswali yenyewe ni kama haya: Ukikosa pesa ya kodi tarehe 5, mtu wa kwanza kumwambia ni nani? Kwa mwaka unachangia matanga mara ngapi, na pesa ya nyumba ishawahi kuguswa kwa ajili ya matanga? Ni kitu gani hakiwezi kupikwa kwa sufuria yako? Ukikuta vyombo vya mwenzako vichafu siku ya pili unafanya nini, unaosha, unanyamaza, unasema, unaandika kwa grupu? Unaomba kwa sauti saa ngapi? Mara ya mwisho ulikosana na mtu mliyekaa naye, nani aliomba msamaha?

Lile la tarehe 5 nilikaa nalo nikashindwa kuandika. Niliona tu uso wa yule dada. Nilifikiria pia mimi mwenyewe, je mimi ningesema, na jibu la ukweli ni kwamba pengine ningekopa kwa simu nikanyamaza. Nikaandika hivyo. Matroni akasoma akasema hilo ni jibu zuri kuliko la wale wote wanaandika "nitasema mara moja".

Kuna lingine: Ndugu yako akitoka nyumbani kuja kutafuta kazi mjini, atalala wapi na siku ngapi? Nikaandika siku tatu. Akaniangalia. "Mara ya mwisho alikaa ngapi?" Wiki tano. "Basi andika wiki tano." Watu wa huku mnaelewa hilo swali lina uzito gani, hakuna mtu wa Nyanza au Western ako mjini hana ndugu wa kukuja, na huwezi mfukuza, lakini pia yule mwenzako ameshea nyumba na wewe hakushea na ndugu yako. Nyumba nyingi zinavunjikia hapo na watu wanasingizia vyombo.

Baada ya fomu unangoja, na unangoja sana. Mimi nilingoja wiki saba. Hilo ni lalamiko langu la kwanza na si dogo, kama umepewa notisi ya mwezi mmoja usimtegemee. Anafanya kila kitu kwa daftari na kichwa chake, hana tovuti, meseji za WhatsApp anajibu jioni, Jumapili simu imezimwa kabisa.

Alafu siku moja akatuita wanawake wanne nyumbani kwake. Hakuna mahojiano. Alitupa shilingi 400, mtungi mmoja wa maji lita 20, akasema mtanipikia chakula cha mchana, mimi niko nje. Akaenda akakaa chini ya mwembe anachambua maharagwe.

Hapo sokoni ndio nilijua kitu. Kulikuwa na dada wa Mumias, fundi wa cherehani, Mwislamu, yeye akaenda moja kwa moja kwa mumi mkubwa mnene juu kwa hiyo pesa ungetushibisha wote. Mimi nikasema samahani, samaki asiye na magamba sili, iko kwa Walawi 11. Nilikuwa nangoja ile sura watu hukupea, mkazi wa Kisumu anakataaje samaki. Yeye akauliza tu, na omena? Omena iko na magamba nakula. Akasema nguruwe hatuli sote, pombe hatunywi sote, mumi nitakula ukiwa umetoka, ukirudi nitakuwa nimemmaliza na sufuria nimeosha, leo tununue omena. Sentensi moja na mambo yameisha. Mimi kwa ile nyumba ya kanisa tulibishana juu ya majani ya chai mwezi mzima.

Mwingine alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa Vihiga, wa Kanisa la Marafiki, hawa watu wa Kaimosi ambao misheni yao iko pale tangu 1902. Yeye alipasua kifuniko cha bakuli la Matroni akiosha. Hakuna aliyeona. Alitoka nje mwenyewe na vipande mkononi, akamwambia, Mama nimevunja hii, inauzwa pesa ngapi nilipe. Mimi na yule wa Mumias tukaangaliana. Baadaye nimekuja kujua Marafiki hawaapi, ata "walai" hatawahi sema, juu kwao ndio ni ndio na sio ni sio kila siku, si mpaka uape. Na wa Mumias naye alirudisha chenji, shilingi 35, na kakaratasi ka nani aliuziwa nini.

Wa nne alikuwa wa benki, dada mpole sana, Msabato kama mimi. Alisema wazi kwamba yeye chakula cha kushea hakimfai, anapenda kujipikia chake, rafu yake, sufuria yake. Matroni alimshukuru, na nilisikia baadaye alimpeleka kwa nyumba ya watu wa kila mtu na chake na ako sawa huko. Hiyo niliipenda, hakuna aliyefanywa mbaya. Lakini fikirieni, kama ningeachiwa kuchagua kwa ile swali moja ya dini ningemchagua yeye na tungekosana kabla ya mwezi kuisha, juu mimi nataka meza. Mimi niliumwa siku mbili peke yangu, mimi nataka watu wanakula pamoja.

Tulipomaliza kula Matroni akatusomea majibu yetu ya swali la tarehe 5, kila mtu lake, kwa sauti, mbele ya wengine. Alikuwa ametuomba ruhusa kwanza. Si rahisi kukaa hapo ukisikia umeandika kwamba ungekopa ukanyamaza. Wa Mumias alikuwa ameandika "ningesema kwa mwalimu wa madrasa sio kwa wenzangu". Mwalimu akasema yeye angesema lakini angekuwa amechelewa. Tukaongea hapo mpaka saa kumi na moja, na hiyo maongezi ndio msingi wa nyumba yetu mpaka leo.

Nyumba tulitafuta wenyewe wiki mbili, iko Migosi, vyumba vitatu, 24,000. Chumba chenye choo ndani ni 9,000, ni cha mwalimu, sisi wengine 7,500 kila mmoja. Kwa Manyatta nilikuwa nalipa 6,500 nikiwa na chumba kimoja na jiko kwa kona, kwa hivyo elfu moja juu ndio imenipa sebule, jikoni, varanda na watu. Matroni anasimamia mambo mawili tu hapa na kwangu hayo mawili ndio thamani ya zile 1,500. La kwanza, majina yote matatu lazima yakae kwa agrimenti na landilodi aweke sahihi, asipokubali anakwambia tafuta nyumba ingine. Landilodi wawili walikataa, wa tatu akakubali. La pili, kila mtu anatuma kodi yake moja kwa moja kwa landilodi, hakuna mtu anashika pesa ya mwenzake, alafu unaweka ile meseji ya M-Pesa kwa grupu yetu. Stima tunanunua tokeni kwa zamu, bili ya maji ya KIWASCO tunagawa kwa tatu, chakula kila mtu anaweka 1,000 kwa wiki kwa bati la majani ya chai.

Na tarehe 5 imeshafika kwa ukweli. Mwezi wa nne mshahara wangu ulichelewa. Tarehe 3 jioni tumekaa tunakula, roho inapiga, nikasema. Mwalimu alinyamaza kidogo akauliza umepungukiwa ngapi. Elfu nne. Wakaongeza mbili mbili, nikarudisha tarehe 16. Sijui kama naweza kueleza venye nililala usiku huo, juu nilijua sasa mimi si yule mtu wa kukopa na kunyamaza, na nyumba haikuanguka.

Ndugu yangu pia alikuja, mwezi wa tatu. Sheria yetu ni usiku saba, kochi ya sebuleni, na anachangia 100 kwa siku au anabeba maji yakikatika. Alibeba maji. Siku ya nane mwalimu alikuwa amemuongelea kwa binamu yake mwenye chumba Nyalenda, akahamia huko bila mtu kukasirika na mtu.

Sabato yangu ikiingia Ijumaa jioni, yule wa Mumias ametoka msikitini mchana ule ule, na ananiambia "Sabato njema" kabla mimi sijakumbuka kumuuliza siku yake ilikuwaje. Ramadhani alikuwa anaamka kula daku saa kumi usiku, mimi nikiwa nyumbani naamka naye, nakunywa maji tu, tunaongea kidogo narudi kulala.

Sasa pale Matroni alishindwa. Kwa maswali 31 yote hakuna moja ya kazi gani inafanywa ndani ya nyumba. Cherehani! Mimi natoka shifti saa mbili asubuhi nataka kulala, na ukuta wa pili cherehani inaanza, tena ile ya umeme, na wateja wanabisha mlango kujaribu nguo. Mwezi wa kwanza nilikuwa nalala masaa matatu, nikafika mahali naogopa kukosea sampuli za watu kazini. Nilimuendea Matroni, na hapa namtoa nyota moja kabisa, juu jibu lake lilikuwa "ongeeni". Nilitaka aje. Alisema kazi yake inaisha mkishaingia. Kwa mtu amelipa 2,000 jumla na amengoja wiki saba, naona angekuja ata mara moja, mwezi wa kwanza, akae na sisi lisaa. Tuliongea wenyewe. Cherehani ikaenda varanda ya nyuma, wiki zangu za usiku yule wa Mumias anaanza saa saba mchana na asubuhi anakata vitambaa tu, wateja wanapiga simu getini. Yeye alipoteza oda kadhaa kwa hiyo na sijawahi kusahau, kwa hivyo hizo wiki mimi ndio naosha vyombo zote. Nilimwambia Matroni aongeze swali la 32, akasema ameandika. Sijaona fomu mpya.

Ingine ya kujua: anafanyia wanawake peke yake. Wanaume mnaouliza, hapana, alisema hajui wanaume wanaishije na hataki kudanganya. Na hachunguzi nyumba yenyewe, mambo ya landilodi ni wa kweli au si wa kweli, hati, mafuriko, hiyo ni juu yenu, nendeni mvua ikinyesha muone maji yanaingilia wapi.

Kuna mfanyakazi mwenzangu aliniambia kushea nyumba ukiwa na miaka 31 ni dalili umekwama, ni heri bedsita yako ndogo na heshima yako. Nilimjibu vizuri lakini iliniuma, na nilipoenda nyumbani Ugenya nikamwambia nyanyangu. Akanikumbusha siwindhe. Zamani kwa Wajaluo wasichana hawakulala kila mmoja kwake, walilala siwindhe, nyumba ya mama mzee anayeitwa pim, na yeye ndio aliwafundisha kuishi, hadithi, vitendawili, namna ya kukaa na mtu. Nyanya akasema huyo Matroni wenu ni pim, mwambieni namsalimia. Nilimpelekea hizo salamu na yule mama alikaa kimya muda, akaangalia daftari lake.

Kwa jumla nampa nyota 4 kwa 5, ile moja ni ya cherehani na kungoja. Anakuwa pale Jumatatu mpaka Alhamisi, saa tatu asubuhi mpaka saa nane, ingia duka la fotokopi uulize. Beba nakala ya kitambulisho na 500, na jipe lisaa nzima la kujaza fomu, usiijazie kwa tuktuk ukielekea kazini kama nimeona mtu anafanya.

Alafu mwalimu wetu amepata uhamisho, Januari anaenda Kakamega. Anaacha chumba cha 9,000, mimi ndio naingia hapo, kwa hivyo changu cha 7,500 kitakuwa wazi, ni kile cha upande wa varanda kwa hivyo cherehani utaisikia mchana. Anayetaka apitie kwa Matroni kwanza, asinitumie mimi meseji, tutakutana siku ya kupika.